Kijiko cha Dawa

Mwaka jana, theluji ikianza kuyeyuka, nilikuwa nikiwaita wagonjwa kwenye kliniki ya macho ninakofanya kazi, nikakutana na jina ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeinuka alikuwa mzee, mrefu, amevaa koti la mvua la kijani, na alishika ukingo wa kiti kabla ya kupiga hatua, kama wafanyavyo watu ambao macho yao yameanza kuwaacha. Nilimkaribisha kwa Kiswidi changu cha kazini. Akasimama, akageuza kichwa kuelekea sauti yangu, akasema, "Mama Keza. Bado mnakula kwa mikono?" Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Huyo alikuwa Kerstin, mwalimu wa kwanza wa binti yangu. Nilimtia matone machoni, na tulipokuwa tukingoja yafanye kazi nikampa habari za Keza, ambaye sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake Bredäng na wasaidizi anaowachagua mwenyewe, na akimchoka mmoja anamwambia. Lakini jioni ile, nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, si Keza wa sasa niliyekuwa nikimwaza. Niliwaza mwaka mmoja tu, mwaka tuliokaa mtaa wa Hjulsta na yeye akaanza shule, mimi nikiwa na miaka ishirini na sita, mume wangu Deo akiendesha basi, na simu zetu zikiwa bado zile za kubonyeza. Tulikotoka na jinsi tulivyofika sisimulii hapa. Kila familia ya Warundi iliyoko Stockholm ina hadithi hiyo, nazo zinafanana mno. Naanzia sebuleni.

Tulikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa maduka. Keza alizaliwa hasikii, na macho yake yalitofautisha mwanga na giza tu, basi. Nyumba aliijua kwa nyayo. Zulia lilikuwa mahali pa kukaa, sakafu tupu ilikuwa njia, na ubaridi wa vigae ulimwambia kwamba amefika jikoni. Deo alipotoka kazini aliubamiza mlango makusudi, na Keza, aliyependa kulala chali sakafuni, aliinua kichwa kwa mtikisiko ule na uso wake ukafunguka. Kutembea alijua, ila hakutembea sana, kwa sababu hatukumpa nafasi. Tulimbeba. Deo alimbeba, mimi nilimbeba, akina mama wa kanisani walimpokezana kama mtoto mchanga ingawa miguu yake ilishafika magotini mwao. Ndivyo tulivyojua kumpenda. Na saa yetu kubwa ilikuwa saa ya chakula. Nilimpakata, mgongo wake kifuani pangu, sahani mbele yetu, kiganja chake juu ya mkono wangu kikifuata tonge kutoka kwenye ugali hadi kwenye sombe, yaani kisamvu, na kutoka kwenye sombe hadi mdomoni. Nilipotafuna alinisikia, nina maana alinisikia kwa mgongo, na yeye akatafuna. Baadaye alijifunza kufinyanga tonge mwenyewe, dogo, la mviringo, safi kuliko la baba yake. Alikula vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya muda mfupi watu wenye elimu na nia njema waliniambia kwamba mtoto wangu hawezi kula.

Agosti ile taksi ya shule ilianza kuja asubuhi. Darasa lilikuwa chumba kipana chenye mapazia mazito, kilichonukia sabuni na tufaha lililomenywa, na katikati palikuwa na jukwaa la mbao lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Ukiligonga kwa kiganja, mlio uliingia mwilini mwa mtoto aliyelala juu yake. Watoto walikuwa wachache, kila mmoja na mtu wake mzima, na mtu wa Keza alikuwa Kerstin, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi na tabia ya kusugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Alinieleza kazi yake polepole, kwa Kiswidi alichokikata vipande vidogo ili nikimeze. Kwa mtoto asiyeona wala kusikia, alisema, mambo humtokea tu. Hasikii sufuria, haoni meza ikiandaliwa. Ghafla kuna kitu mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kila jambo walimpa kitu cha kushika kinachomtangazia jambo hilo. Kipande cha taulo kilimaanisha bwawa la kuogelea. Kamba ilimaanisha bembea. Kijiko kilimaanisha chakula. Niliona ni akili nzuri, na bado naona hivyo.

Taulo Keza alilielewa upesi. Kamba pia, walipompa kamba alianza kuyumbisha mwili hata kabla hawajafika kwenye bembea. Saa ya chakula ndiyo ikawa vita. Walipomwekea kijiko mkononi alikitupa, akajikunja, akafunga mdomo kwa nguvu zote, na walipojaribu kumlisha alijing'ata kifundo cha mkono. Kerstin alinipigia simu mchana, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, baadaye kwa sauti ya mtu aliyeketi chini kwa uchovu. "Hajala tena," alisema. Walibadilisha vyakula, walibadilisha meza, walipunguza taa. Keza alirudi nyumbani na alama za meno mkononi, akala kwa pupa mpaka akapaliwa, na asubuhi akaenda kushinda njaa tena. Majani yalipokuwa yameanguka yote, suruali zake zilikuwa zikimteleza kiunoni. Mkuu wa shule, mwanamume mpole mwenye miwani, alituita na kusema kwamba pengine mahitaji ya Keza ni makubwa kuliko uwezo wao, kwamba kuna shule ya bweni katika mji mwingine, mbali kwa treni, yenye wataalamu wa viziwi wasioona, na kwamba kwa wakati huu daktari afikirie mrija wa kumlishia tumboni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Njiani kurudi Deo alitazama dirisha la treni, ingawa tulikuwa chini ya ardhi na hapakuwa na cha kutazama.

Jumapili iliyofuata kanisa letu lilikutana kwenye ukumbi wa kukodi Hallonbergen, na baada ya ibada akina mama tulikuwa jikoni. Mimi niliingia stoo kuchukua sahani. Nikiwa humo nilimsikia Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye sote tulimheshimu kwa umri na kwa mkono wake wa kupika, akizungumza na mwenzake huku wakimenya ndizi. Walikuwa wakinizungumzia mimi. Alisema nimekonda kuliko mtoto. Kisha akashusha sauti, lakini sauti ya Mama Furaha haishuki sana. "Ule mwalimu wake akikuya kwake, asimufungulie mulango," alisema. "Ataangaria frigo, ataangaria kitanda, kisha sosiali watakuya kukamata mutoto." Sosiali ndivyo tulivyowaita maofisa wa ustawi wa jamii, na hakuna neno lililotembea haraka kuliko hilo katika nyumba zetu. Mimi sikuwahi kukutana na mtu aliyenyang'anywa mtoto kwa sababu mwalimu alikuja kumtembelea. Hata hivyo nilibaki pale stoo na sahani mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu Kerstin alikuwa ameniomba jambo hilo hilo siku mbili kabla. Aliuliza kama anaweza kuja kwetu, akae mezani, aone Keza anavyokula.

Nilimwambia Deo tukiwa tunakunja nguo kwenye chumba cha kufulia cha jengo, mahali pekee tulipokuwa wawili tu. Alikataa bila kuinua macho. Shule ni shule, alisema, na nyumba ni nyumba. Wakishaingia ndani hawatoki. Nilimwelewa. Mtu aliyewahi kukimbizwa nyumbani kwake hapendi ugeni wenye mamlaka, hata ukija na tabasamu. Lakini nilikuwa nimeshika suruali ya Keza, niliyoipunguza kiunoni kwa sindano, nikamwekea mkononi. "Baba Keza," nikamwambia, "wanataka kumtia mrija tumboni mtoto anayekula ugali kila jioni. Huyo mwalimu lazima aone." Alikunja suruali ile kwa uangalifu mkubwa. Akasema nifanye ninavyotaka, ila yeye hatakaa meza moja na mtu anayekuja kumhukumu.

Kerstin alikuja siku ya kazi mwezi wa Novemba, saa za alasiri, na nje kulikuwa tayari na giza kama ilivyo huku majira hayo. Alivua viatu mlangoni, akabaki na soksi za sufu, akasugua viganja. Deo alimsalimu kwa adabu akaingia chumbani. Nilikuwa nimepika ugali, sombe na samaki, na nyumba ilikuwa safi kiasi cha kutia shaka. Kerstin hakutazama friji wala kitanda. Aliketi chini kwenye zulia kando yetu, akala kwa mkono kama sisi, ila vibaya, sombe ikimtiririka hadi kwenye saa yake, na macho yake hayakumwacha Keza. Keza alikuwa mapajani mwangu, kiganja juu ya mkono wangu, kisha peke yake, tonge baada ya tonge. Alikula samaki, akaomba tena kwa kunivuta kidole gumba. Kerstin alitazama yote hayo bila kuandika chochote. Nilipoona macho yake yamelowa nilijifanya natafuta chumvi.

Baada ya chakula ilikuwa saa ya dawa. Keza alitumia dawa ya kuzuia kifafa, ya maji, chungu kupita kiasi; niliwahi kuilamba na nilijua. Nilichukua kijiko, nikamshika kidevu, na kabla hata dawa haijamgusa, chuma kilipopita karibu na kidole chake tu, alikitupa. Kikagonga mguu wa meza. Alijikunja, akafunga mdomo, mkono ukaenda kwenye meno. Ilikuwa kawaida ya kila siku, nami nilikuwa naokota kijiko kujaribu tena, Kerstin aliponishika mkono. Akaniuliza kama Keza hutumia kijiko kwa kitu kingine chochote hapa nyumbani. Nikafikiri. Uji alikunywa kwa kikombe. Kila kingine alikula kwa mkono. Nikamwambia hapana, kijiko ni cha dawa.

 Akasema, polepole, kama anavyosema mtu anayejisikiliza, "Kila siku tangu Agosti, kabla ya chakula, nimekuwa nikimwambia kwamba dawa inakuja."

Sote wawili tulikaa pale zuliani. Kumbe mtoto hakushindwa kuelewa. Alielewa sana, ila walimu walisema kwa lugha yao na sisi kwa yetu, na yeye peke yake ndiye aliyezisikia zote mbili. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya yote mawili, kwa sababu Deo alitoka chumbani kuona kuna nini. Alimkuta Keza amejikunja, na kama baba yeyote akainama nyuma yake akamnyanyua aende kumwosha. Keza alikakamaa mwili mzima, mikono hewani, kisha akalegea. Lilikuwa jambo la sekunde, sisi hatukuwahi kuliona. Kerstin aliliona. Alimwambia Deo kwamba mtoto ameshtuka kwa sababu hakujua ni nani. Nilitafsiri, ingawa nilijua kwamba Deo ameelewa.

"Mimi ni baba yake," Deo alisema kwa Kiswidi. "Anaijua mikono yangu."

"Ndiyo," Kerstin akajibu. "Anaijua ikishamnyanyua."

Deo aliondoka na Keza kwenda bafuni, na nilisikia maji yakimwagika muda mrefu. Mgeni alipokuwa akivaa viatu, mume wangu alitoka na mtoto amefungwa taulo, akasimama kwenye korido. Hakuomba radhi, hakukasirika. Aliuliza tu, sasa afanyeje. Kerstin akavua tena kiatu kimoja alichokuwa ameshavaa, akarudi ndani kumwonyesha: gusa bega kwanza, tulia, mpe muda, kisha mpe alama yako, kitu cha mwilini mwako ambacho si cha mtu mwingine, ndipo umwambie unataka nini. Yangu ilipatikana papo hapo, bangili zangu za shaba. Ya Deo ilikuwa ndevu zake fupi za kidevuni, zilizokwaruza kama brashi.

Majira ya baridi yale yote tulifanya kazi kama watu wanaojenga ukuta kutoka pande mbili. Niliwapa shule bakuli dogo la mbao tulilotumia nyumbani, na likawa ndilo linalotangaza chakula. Wiki ileile Keza alikula viazi vya shule, kwa mkono, huku Kerstin amempakata na kutafuna nyuma yake kama nilivyomwonyesha. Mazungumzo ya mrija yakaisha. Alhamisi, siku niliyokuwa sina masomo ya lugha, nilienda darasani na kukaa kwenye jukwaa la mbao, nikajifunza kuweka alama za lugha ya viziwi ndani ya viganja vya binti yangu. Mikono yangu mwanzoni ilikuwa mizito, kama ulimi wangu ulivyokuwa mzito kwa Kiswidi, na Keza alinivumilia kama nilivyovumiliwa mimi dukani. Kerstin naye alikuja kwetu mara kwa mara. Alitusahihisha bila kutuonea haya na tulimsahihisha bila kumwogopa. Siku moja nilimwambia kwamba shuleni wanamwacha Keza angoje peke yake mno, kwetu mtoto hangoji peke yake, na wiki iliyofuata nikakuta wamebadilisha. Kanisani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Kuwaambia akina mama wasimnyakue mtoto na kumbusu ni kama kuwaambia wasiimbe. Nilimwendea Mama Furaha kwanza, kwa sababu nilijua yeye akikubali wengine watafuata. Nilimweleza habari ya kijiko. Alisikiliza huku akikoroga sufuria, akauliza, "Basi miye atanijua na nini?" Nikashika mkono wa Keza nikauweka kwenye fundo la kilemba chake. Keza alilichunguza fundo lile kwa vidole vyote, taratibu, na Mama Furaha, mwanamke asiyetulia, alisimama kimya kabisa mpaka sufuria ikaanza kuungua.

Mwezi wa Machi Kerstin alipiga simu mchana, na kwa mazoea nikadhani hajala tena. Alisema Keza amekula, hakuna tatizo. Alisema walikuwa wameketi jukwaani, hapakuwa na lolote linaloendelea, na Keza akauchukua mkono wa Kerstin, akaupeleka kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akakizungushia vidole, akangoja. Kerstin hakuelewa. Keza akarudia. Ndipo Kerstin akaelewa: zilikuwa bangili zangu, nami sikuwapo. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto wangu kumzungumzia mtu ambaye hayuko mbele yake. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula. Niliacha kikapu pale sakafuni nikatoka nje kusimama uwanjani.

Kikao cha kuamua kama Keza atabaki kilikuwa mwezi wa Aprili. Palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini ambayo hakuna aliyeigusa, mkuu wa shule, wataalamu wawili wa wilaya, Kerstin, na mkalimani, dada wa Kitanzania kutoka Tanga aitwaye Zuhura, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba Deo alijikuta akikinyoosha na chake. Mkuu wa shule alirudia habari za shule ya bweni, na hakuwa amekosea; nimekutana baadaye na wazazi waliowapeleka watoto wao huko na hawakujuta. Kerstin alieleza alichokiona tangu Novemba. Mimi nilieleza simu ya Machi. Kisha mtaalamu mmoja akamgeukia Deo, kwa heshima tu, nadhani, hakutegemea jibu refu.

Deo aliweka mikono mezani. "Nilikuwa naogopa mtamchukua mtoto wangu," alisema, na Zuhura akatafsiri neno kwa neno, bila kulainisha. "Sasa mnaniambia nimpeleke mwenyewe, ili afundishwe na watu wanaojua zaidi. Labda wanajua zaidi. Lakini mwaka huu mtoto alishinda njaa si kwa sababu mwalimu hajui, wala si kwa sababu mama yake hajui. Alishinda njaa kwa sababu wawili hawa walikuwa hawajakaa pamoja kula. Mkimpeleka mbali, nani atakaa kula na walimu wa huko?" Alipumua. "Nifundisheni mimi. Nitabadilishana zamu na wenzangu. Nitakuja darasani."

Mkuu wa shule akavua miwani akaifuta. Walikubaliana abaki, kwa sharti ambalo sisi tulilitaka kuliko wao: walimu waje nyumbani kila mwezi, wazazi waingie darasani kila wiki, na alama yoyote mpya ya upande mmoja ifikishwe upande wa pili. Mtaalamu kutoka ile shule ya bweni angekuja kila muhula kutuelekeza sote. Nje, kwenye baridi ya Aprili, Deo aliniuliza kama amesema vibaya. Nikamwambia amesema vizuri. Alitembea hadi kituoni akiwa amesahau kufunga koti.

Na alikuja, kila Jumanne asubuhi, amevaa sare ya kazi. Mikono yake iliyozoea usukani ilijifunza polepole kuliko yangu lakini haikusahau. Mwezi wa Juni, siku ya kufunga shule, tulimleta Keza nyumbani wenyewe kwa treni, na jua lilikuwa bado juu tulipofika kwenye jengo letu lisilo na lifti. Nilikuwa na mifuko. Chini ya ngazi Deo alifanya yote kama alivyofundishwa: akagusa bega, akatulia, akaupeleka mkono wa Keza kwenye ndevu zake, kisha akamshika makwapani na kumwinua kidogo tu, kumwambia kwamba sasa atambeba. Keza alisimama akifikiri. Kisha akaitoa mikono ya baba yake mwilini mwake, akaikutanisha, akaipangusa kwenda nje, alama waliyoitumia darasani kufunga shughuli: imetosha. Deo alidhani hakumwelewa. Akaanza upya, bega, ndevu, makwapa. Keza akairudia, safari hii kwa nguvu zaidi, kisha akanyoosha mkono, akatafuta chuma cha ngazi, akakipata, akainua mguu.

Alipanda. Alipapasa kila kipandio kwa ncha ya kiatu kabla ya kukiamini, na Deo alimfuata nyuma mikono imetanuka, bila kumgusa, jasho likimtoka. Walipofika ghorofa ya kwanza Deo alinigeukia. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona vile, umeumia na umejaa fahari kwa pamoja. "Amenikatalia," alisema.

"Nimeona, Baba Keza."

"Hapana, sikiliza. Nimemuuliza, na amenikatalia." Juu yetu Keza alikuwa amechoka. Aliketi kwenye kipandio, mkono mmoja bado umeshika chuma, akapumua, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Sisi wawili tukasimama chini yake na mifuko yetu, tukimngoja awe tayari.